Barua ya wazi: Tunaomba ramani ya ardhi ya zabibu Dodoma kabla ardhi yenyewe haijaisha

Kwa Waziri wa Kilimo, Waziri wa Ardhi, Nyumba na Maendeleo ya Makazi, Waziri wa Maji, Mkuu wa Mkoa wa Dodoma, Mkurugenzi wa Jiji la Dodoma, na wakurugenzi wa halmashauri za wilaya za Chamwino na Bahi.

Waheshimiwa,

Naomba nianze na ombi lenyewe. Kabla ekari nyingine haijagawiwa kwa ajili ya zabibu mkoani Dodoma, na kabla shamba jingine la mizabibu halijakatwa viwanja, itengenezwe ramani moja ya wazi inayoonyesha ni ardhi ipi inafaa zabibu za mvinyo, ipi inafaa kwa masharti, na ipi haifai kabisa. Kisha ramani hiyo itambuliwe na ofisi zote zinazogusa ardhi hiyo, za kilimo, za maji na za ardhi. Mimi ni mtoto wa wakulima wa zabibu, na kazi inayonilisha ni kuchora ramani. Shambani na kwenye kompyuta nimekutana na tatizo lile lile, ndiyo maana nimeona niliseme hadharani.

Mkulima wa mahindi akikosea shamba hupoteza msimu mmoja. Wa zabibu hupoteza sehemu ya umri wake. Mzabibu uliotunzwa huzaa kwa zaidi ya miaka 20, na kabla haujatoa mavuno ya maana mkulima ameshanunua miche, amechimba mashimo na kuyajaza samadi, amesimamisha nguzo, amevuta nyaya, na akijaliwa amefunga mipira ya umwagiliaji wa matone. Wengi hufanya hayo kwa mkopo. Ikigundulika mwaka wa tatu kwamba mizizi haipenyi, nguzo na nyaya zinaweza kung'olewa zikapelekwa kwingine, lakini mizabibu haihami, na mkopo hausubiri.

Mpaka sasa tumekuwa tukichagua ardhi kwa macho na kwa kumwangalia jirani. Siidharau njia hiyo. Ndiyo iliyotoa zabibu kutoka misheni ya Bihawana, walikozipanda wamisionari wa Kikatoliki kutoka Italia karne iliyopita, ikazifikisha Hombolo, Mpunguzi, Mbabala, Mvumi, Handali na Veyula. Kituo cha utafiti cha Makutupora kikaongeza elimu ya mbegu, na leo mkulima wa kawaida anakueleza tofauti ya mbegu za Makutupora Red na Chenin Blanc bila kusoma popote. Dodoma kwa ujumla ina mwinuko wa zaidi ya mita 1,100, mvua ya wastani wa milimita 570 hivi kwa mwaka, na kiangazi kirefu kinachokausha majani na kupunguza ukungu. Mzabibu hapa unavunwa mara mbili, Februari hadi Machi na tena Agosti hadi Septemba. Hilo ni jambo ambalo nchi nyingi zenye majina makubwa katika mvinyo hazina.

Ila tunaposema "Dodoma inafaa" tunazungumzia mkoa mzima, na mzabibu hauishi mkoani. Unaishi kwenye shimo.

Katika shamba moja la ukoo wetu, kusini mwa mji, upande wa mashariki mizabibu imefunga vizuri, majani ya kijani kizito, vikonyo vimejaa. Upande wa magharibi, hatua kama thelathini tu, majani yanaungua pembeni na mashina hayanenepi. Kwa miaka kadhaa wazee walisema ni mchwa, vijana wakasema ni mbolea. Baba mdogo akanunua dawa ya mchwa, akanunua na mbolea. Mwishowe tukachimba shimo la kina cha mtu kiunoni pande zote mbili. Mashariki jembe liliingia kwenye kichanga chekundu cha tifutifu mpaka tukachoka wenyewe. Magharibi, chini kidogo ya sentimita 40, jembe liligonga tabaka jeupe gumu la chokaa, likaruka mkononi. Tulipomwaga ndoo ya maji, yalisimama pale juu ya chokaa mpaka jua linazama. Ukiwa barabarani pande hizo mbili hazina tofauti yoyote. Mtu aliyeuziwa ule upande wa magharibi kwa bei ile ile ya upande wa mashariki angekuwa amenunua hasara, na hakuna karatasi yoyote ambayo ingemwonya.

Karatasi hiyo inawezekana, na sehemu kubwa ya vifaa vya kuitengenezea tayari ipo na ni ya bure. Vipimo vya mwinuko vilivyochukuliwa na chombo cha anga cha Marekani Februari 2000 vinapatikana kwa kila mita 30. Kutokana na hivyo unapata mteremko, uelekeo wa mteremko, na mahali maji yanapokusanyika wakati wa mvua. Satelaiti za Ulaya za Sentinel-2, zilizoanza kurushwa mwaka 2015, zinapiga picha ya shamba lile lile kila baada ya siku chache kwa miraba ya mita 10, kiasi kwamba ukizipanga picha za miaka mitano unaona sehemu ya shamba inayokauka mapema kila kiangazi. Rekodi za mvua zilizounganishwa kutoka satelaiti na vituo vya ardhini zinarudi nyuma hadi 1981. Programu huria ya kuchora ramani, QGIS, haiuzwi, na vijana wetu wanaohitimu Chuo Kikuu Ardhi na Chuo Kikuu cha Dodoma wanaijua. Kwa upande huo hatuna kisingizio.

Hapo hapo naomba mtahadhari na ramani inayotengenezwa ofisini peke yake, maana inaweza kuleta madhara makubwa kuliko kukosa ramani. Moja ya ramani za udongo za dunia zinazotumiwa sana ina miraba ya mita 250. Mraba mmoja ni zaidi ya ekari 15. Mkulima wetu wa kawaida ana ekari moja au mbili, kwa hiyo kwenye ramani hiyo yeye na majirani zake wote ni nukta moja yenye rangi moja. Ile chokaa ya shamba letu isingeonekana hapo hata siku moja. Rekodi za mvua nilizotaja zina miraba ya kilomita tano hivi kila upande, yaani zaidi ya ekari 6,000 zinahesabiwa kuwa zimenyeshewa sawasawa, ilhali kila mtu wa Dodoma anajua mvua inavyoweza kumwagika Msalato na kuruka kijiji kinachofuata. Ramani za aina hiyo zinatufaa kwa kuchagua mahali pa kwenda kuchimba. Haziwezi kutuambia mahali pa kupanda.

Kosa la pili linalonitia hofu ni kuazima vipimo vya joto kutoka nchi za baridi. Kipimo kinachotumika zaidi duniani kilitoka California mwaka 1944, kazi ya wataalamu wa zabibu Amerine na Winkler. Unachukua wastani wa joto la kila siku, unatoa digrii 10 ambazo chini yake mzabibu karibu haukui, kisha unajumlisha kuanzia Aprili hadi mwisho wa Oktoba. Kule kina mantiki kwa sababu mzabibu wa California hulala wakati wa baridi na kuamka Aprili. Wa kwetu haulazwi na baridi. Unalazwa na mkulima, kwa kukata maji na kupogoa. Mtaalamu akija na kipimo hicho na kukitumia kama kilivyo, Dodoma inatoka juu ya jumla ya 2,222 inayoanzia daraja la joto kali kuliko yote, na ripoti itaandika kwamba hapa pana joto la kupindukia kwa mvinyo mzuri. Hesabu sahihi ya hapa inaanza siku ya kupogoa na kuishia siku ya kuvuna, miezi minne hivi. Kwa wastani wa joto la Dodoma unapata jumla ya kati ya 1,300 na 1,700, kutegemea ni msimu wa kiangazi au wa mvua. Hiyo inatuweka kwenye madaraja ya chini hadi ya katikati, na inalingana na kile ambacho wakulima wamekuwa wakikivuna kwa miongo.

Kwa hiyo ramani ya Dodoma lazima iwe ya misimu miwili. Eneo linaloweza kufaa sana kwa mavuno ya Agosti, likiwa na usiku wa baridi wa Juni na Julai na umwagiliaji wa uhakika, linaweza kuwa baya kwa mavuno ya Februari kwa sababu liko bondeni, hewa haipiti, na magonjwa ya ukungu, ubwiri unga na ubwiri vinyoya, yanashambulia vichala kabla havijaiva. Miinuko yenye upepo ina hadithi tofauti. Mkulima angeweza kuambiwa wazi: hapa pogoa mara moja kwa mwaka, pale mara mbili. Sijawahi kuona ramani yetu yoyote inayosema hivyo, na ni jambo ambalo lingeokoa dawa nyingi za ukungu.

Sasa nije kwenye chumvi, na hapa naomba wataalamu wenu wanisikilize kwa makini. Namna ya kawaida ya kuchanganya vigezo kwenye ramani ni kuvipa uzito kwa kuvilinganisha viwili viwili, njia aliyoibuni mwanahisabati Thomas Saaty miaka ya 1970. Mteremko unapewa asilimia zake, joto zake, udongo zake, umbali wa barabara zake, kisha vyote vinajumlishwa. Ni njia nzuri, lakini ina tundu. Tuseme chumvi imepewa uzito wa asilimia 10. Eneo ambalo maji yake yana chumvi ya kuua mzabibu linapata sifuri kwenye kigezo hicho, linapata 90 kwa 100 kwenye vingine vyote, na jumla yake ni 81. Kompyuta italipaka kijani kibichi, "linafaa sana". Mzabibu hauna habari na wastani. Mavuno yake huanza kushuka chumvi ya udongo inapopita kiasi cha desisimensi 1.5 kwa mita (kipimo cha chumvi), hata mteremko ungekuwa mzuri namna gani. Wakulima wa upande wa Hombolo wanajua maana ya maji ya chumvi kuliko mimi. Kwa hiyo chumvi, tabaka gumu la chini, udongo wa mbuga unaotuamisha maji, na kingo za makorongo visiingie kwenye mizani kabisa. Viwe milango: asiyepita mlango hapimwi. Baada ya milango hiyo ndipo uzito na asilimia ziendelee.

Makorongo nayataja kwa makusudi. Serikali ilianzisha mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma) mwaka 1973 kwa sababu ardhi ya mkoa huu, hasa Kondoa, ilikuwa inaondoka na maji. Mistari ya mizabibu iliyonyooka kutoka juu kwenda chini ya mteremko inaandaa korongo jipya. Ramani ya mwinuko ya mita 30 inatosha kumwonyesha afisa ugani mistari ifuate wapi, na hilo linaweza kufanyika bila gharama yoyote ya ziada.

Kuhusu maji ya ardhini, Waheshimiwa, tuna hazina ambayo wengi wetu hatuijui. Kwenye visima vya bonde la Makutupora, vinavyolisha mji wa Dodoma, kina cha maji kimerekodiwa tangu miaka ya 1950. Watafiti walioichambua rekodi hiyo ya miaka 55 walichapisha matokeo yao mwaka 2013, na walichokiona ni kwamba bonde halijazwi na mvua za kawaida za kila mwaka. Linajazwa kwa vipindi, kwenye miaka michache ya mvua kubwa kupita kiasi, nyingi zikiendana na El Niño, kama ile ya 1997 na 1998. Kati ya miaka hiyo kina kinashuka tu. Maana yake kwa zabibu ni nzito. Kisima kinachotoa maji mengi mwaka huu hakituambii kama mzabibu utakaoishi miaka 20 utapata maji mwaka wa 12. Na maji hayo hayo yananywewa na jiji ambalo kwa sensa ya 2022 lilikuwa na watu zaidi ya laki saba na nusu. Wizara ya Maji ikikaa nje ya kazi hii, tutachora mashamba mazuri juu ya maji ambayo tayari yana mwenyewe.

Yote hayo yanaweza kufanywa kwa utulivu kama tungekuwa na muda. Hatuna. Ardhi ya zabibu Dodoma na ardhi ya viwanja ni ile ile: kichanga kisichotuamisha maji, mteremko mdogo, karibu na barabara. Anachokipenda mzabibu ndicho anachokipenda mjenzi. Tangu serikali ilipotangaza kuhamia mwaka 2016 na Dodoma kuwa jiji Aprili 2018, mji umetanuka kuelekea kwenye mashamba. Barabara ya mzunguko wa nje, kilomita 112, inapita Nala, Veyula, Mtumba, Ihumwa na Matumbulu. Uwanja wa ndege unajengwa Msalato. Mimi si mpinzani wa mambo hayo, nayatumia na ninayafurahia. Lakini kila mtu anajua kinachofuata barabara. Mwenye ekari mbili za mizabibu mizee iliyochoka, bila mnunuzi wa uhakika, akifuatwa na mtu wa viwanja atauza, na hakuna wa kumlaumu. Mara nyingi ndiyo ardhi bora kabisa inayouzwa kwanza, kwa sababu walioianza zamani waliichagua vizuri.

Sheria za kuilinda tunazo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 na Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2007 zinaruhusu kijiji na halmashauri kutenga maeneo ya kilimo na kuyasimamia. Kinachokosekana ni mstari uliochorwa kwa ushahidi, ambao ofisa mipango miji anaweza kuuweka mezani na kusema hapa pabaki zabibu. Ufaransa wanachora mistari ya namna hiyo kisheria tangu 1935. Na mkulima atakayebanwa na mstari huo asiachwe hivi hivi. Akizuiwa kuuza viwanja, basi apewe kitu: maji, hatimiliki ya kimila iliyo mkononi, na kipaumbele kwa wanunuzi wa mchuzi wa zabibu, yaani maji ya zabibu zilizokamuliwa kwa ajili ya mvinyo. Bila hayo mstari utakuwa adhabu kwa watu waliobahatika kuwa na ardhi nzuri, nami sitauunga mkono.

Kuna jambo linalonipa matumaini. Aprili 2022 maafisa ugani walikabidhiwa pikipiki na vifaa vya kupima udongo hapa hapa Dodoma. Mashamba ya pamoja ya Chinangali, Chamwino, yameonyesha kwamba serikali iko tayari kuweka fedha kwenye zabibu na kuwaita vijana. Kwa hiyo watu wapo, vifaa vipo, nia ipo. Kila afisa ugani wa kata ya zabibu akichukua sampuli kwa kina cha sentimita 30, 60 na 100, akaandika majiranukta (GPS) ya shimo kwenye simu yake, na sampuli zikapelekwa kwa wenzetu wa kituo cha Mlingano cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo (TARI) wanaoshughulikia udongo, ndani ya msimu mmoja tutakuwa na kitu ambacho hakuna satelaiti inayoweza kutupa. Nasisitiza kina cha sentimita 100. Sampuli ya juu juu ingelipa shamba la baba mdogo alama nzuri pande zote mbili.

Na wakulima waulizwe kabla ya mashine. Bibi aliyepogoa mizabibu ya Mpunguzi tangu ujana wake anajua ni mstari upi unaowahi kunyauka na kisima kipi kiligeuka chumvi, na mwaka gani. Maelezo yake yakiwekwa kwenye ramani kwa nukta na tarehe, ni data kama data nyingine, na katika mengi yana umri mrefu kuliko picha za Sentinel.

Barabara na umbali wa kiwanda viingie pia, bila kurefusha maneno: zabibu ya mvinyo haisubiri, na kichala kilichokaa juani kwenye kreti siku mbili kimeshaharibika, hata kingetoka kwenye udongo bora wa mkoa mzima.

Ombi langu la mwisho linahusu uwazi. Ramani hii isifungwe kabatini wala isiuzwe. Iwekwe mtandaoni ikiwa na tarehe, na maelezo ya vigezo vilivyotumika na sehemu zenye uhakika mdogo, ili benki inayokopesha, kijana anayetafuta ekari yake ya kwanza na mwekezaji wa kiwanda wote wasome kitu kimoja. Mashimo ya udongo huchimbika vizuri kati ya Juni na Oktoba, ardhi ikiwa kavu na mkulima akiwa shambani. Kazi ikianza kiangazi kinachokuja, rasimu inaweza kubandikwa kwenye mbao za matangazo za ofisi za vijiji kabla ya mvua kuanza, kwa karatasi kubwa na kwa majina ya mahali yanayotumiwa na wenyeji, ili mkulima wa Handali au Mbabala aweke kidole chake juu yake na kuwaambia wataalamu ni wapi wamekosea kabla haijapitishwa.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mchora ramani, mtoto wa wakulima wa zabibu
Dodoma